Malkia Arobaini

Kisanduku kiko kiti cha kulia,
nimekifunga mkanda kama abiria.
Ndani, malkia wa nyuki arobaini,
kila mmoja na kijumba chake cha waya na vijakazi sita.
Wanavuma. Injini nayo inavuma.
Kati ya milio hiyo miwili nimezoea kuwaza.

Chini, kanola imechanua,
Saskatchewan yote manjano hadi macho yaume,
na ghala la nafaka la Dolyna limesimama peke yake
kama jino la mwisho kwenye ufizi.
Magharibi, wingu.
Saa moja nyuma lilikuwa jeupe, la kuchorwa na mtoto.
Sasa limepanda, limegonga dari, limetandaza kichwa
likawa fuawe,
na tumboni mwake umeme unatafuta kitu ulichopoteza.

Redioni, Teofil Hrynkiw, mwenye mizinga:
"Darka, mfuko wa upepo umejaa. Sasa umelala.
Sasa umegeukia kwangu. Sijui nikwambie nini."
Nikamjibu, niambie hivyohivyo.

Mwalimu wangu, Solveig Lindquist,
aliyenyunyizia ngano dawa miaka thelathini
na kuvunja taa moja tu, tena ya trekta,
alisema: wingu la radi lina mkono mrefu kuliko mwili.
Mwenda pole hajikwai, hiyo ni ya nchi kavu;
huku juu mwenda pole huanguka.
Lipime pigo la upepo, ligawe mara mbili,
nusu yake iongeze kwenye mwendo wako.
Na vibawa usivishushe vyote,
upepo usipate pa kukushikia.

Nikashuka.
Bawa la kushoto nimeliinamisha penye upepo
kama mtu aliyeegemeza bega mlango usisukumwe,
mguu wa kulia umekanyaga, pua iitazame njia.
Mita thelathini.
Ishirini.
Nyuma ya ghala vumbi likainuka, ukuta wa kahawia unaotembea,
kisha hewa ikaniachia.
Hivyo tu. Ngazi iliyopungua kidato gizani.
Mshale wa mwendo ukaporomoka, na kitu kifuani mwangu
kikaufuata.

Sikubishana.
Injini yote. Pua juu, kwa kiasi.
Ghala likapita karibu mno,
nikasoma jina lililochujuka ubavuni mwake.

"Umeghairi?"
"Nimeghairi."
Neno tamu hilo, ghairi, likitamkwa mapema.
Nina rafiki wawili makaburini
walioona haya kuzunguka mara ya pili.

Nikaenda mashariki, kwenye jua.
Mafuta ya saa moja na robo; nikatumia dakika arobaini
kuzunguka ziwa lisilo na jina kwenye ramani yangu,
bata wakiniona mpumbavu.
Nyuma yangu mvua ya mawe ilikuwa ikipiga shamba la mtu.
Sikujua la nani. Nililiwaza.

Wingu lilipohamia kaskazini likiburuta pazia lake,
nikarudi.
Upepo ulikuwa bado na kisirani, lakini wa upande mmoja,
adui unayeweza kumkazia macho.
Gurudumu la kushoto likagusa.
Likaruka. Likagusa.
La kulia likaja kwa kusitasita, kama mgeni mlangoni,
pua mwisho.
Usukani sikuuachia: ndege haijatua
mpaka ifungwe kamba.
Teofil akaja mbio, akaning'inia kwenye bawa
kwa uzito wake wote, kofia ikaenda zake kwa jirani.

Katika banda alifungua kisanduku.
Mimi nilikalia ndoo, chai ikimwagika kikombeni bila kuguswa,
mguu wa kulia bado unakanyaga pedali isiyokuwepo.
Thelathini na tisa, akahesabu.
Wa arobaini alikuwa amejikunja.
Akamweka kiganjani, akainama,
akampulizia taratibu
upepo mdogo kuliko wote wa siku ile.
Tukangoja.